Nani Kapanda, Nani Kashuka? Tuwahesabu Kwanza Waliobaki

Januari 2019 AS Vita Club iliitandika Simba mabao 5-0 mjini Kinshasa. Tarehe 12 Februari 2021 Simba ikarudi Kinshasa ikaondoka na ushindi wa 1-0. Bao lilikuwa la penalti, na aliyepiga penalti hiyo alikuwa Mkongo, Chris Mugalu. Aprili mwaka uleule Vita ikasafiri kwenda Dar es Salaam ikala 4-1. Watu wa Kinshasa walitafuta mchawi, walitafuta mwamuzi, walitafuta hali ya hewa ya pwani. Mchawi alikuwa dirisha la usajili.

Nayakumbusha haya kwa sababu huku Bukavu mpira ukisimama uwanjani, mdomo ndipo unapoanza. Kuanzia Nyawera hadi soko la Kadutu, na kule Bagira, kila mwenye chaji kwenye simu ni mchambuzi. Yanga imeshusha vyuma, Simba imejipanga upya, Mazembe imechoka, Lupopo mwaka huu tutaiona. Kila mtu ana orodha mbili kichwani, ya waliopanda na ya walioshuka, na kabla filimbi ya kwanza ya msimu haijalia kuna marafiki ambao hawasalimiani tena. Sina ugomvi na mchezo huo. Ni burudani ya bure katika mji ambao burudani za bure zimebaki chache. Nina ugomvi na kipimo chenyewe: tunahesabu wanaoingia. Tungehesabu wanaobaki, tungekosea mara chache zaidi.

Mgeni atauliza kwa nini watu wa Kivu Kusini wabishane juu ya usajili wa Dar es Salaam kuliko wa Kinshasa. Jibu la kwanza ni masikio: watangazaji wa Tanzania tunawaelewa bila mkalimani, wakati mpira wa Kinshasa unatangazwa kwa Kifaransa na Kilingala. Jibu la pili ni damu. Vikosi vya Yanga na Simba vya miaka hii vimejaa watoto wa Kongo. Yanga ilikuwa na Papy Tshishimbi na Heritier Makambo, wakaja Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe, kisha Fiston Mayele, Djuma Shabani, Yannick Bangala, Jesus Moloko, Joyce Lomalisa, halafu Maxi Nzengeli na Chadrack Boka. Simba nao walikuwa na Mugalu, Henock Inonga, Jean Baleke, Fabrice Ngoma, Elie Mpanzu. Na njia hii haikufunguliwa juzi. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura, alivaa jezi ya Yanga katikati ya miaka ya 1990, muda mrefu kabla Ulaya haijamjua na kabla hajacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2004 akiwa na Monaco.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nani kapanda na nani kashuka tunazungumza juu ya hesabu moja yenye kurasa mbili. Kinachoandikwa Dar es Salaam kama mapato kimekwisha kuandikwa Kinshasa au Lubumbashi kama matumizi. Wachambuzi wa Tanzania hawana sababu ya kutazama ukurasa wa pili, lakini sisi tunao mezani.

Lakini kwanza nieleze kwa nini orodha ya wanaoingia inadanganya.

Katikati ya 2023 Mayele aliondoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri. Alikuwa amefunga mabao 17 katika ligi ya Tanzania na mabao 7 katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe dhidi ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Hapa Bukavu, ambako Mayele alikuwa sababu ya watu wengi kuishabikia Yanga, hukumu ilitolewa mara moja: Yanga imekwisha. Kocha Nasreddine Nabi naye alikuwa ameondoka. Ni nani angepinga? Basi tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1, Nzengeli akitia mawili. Stephane Aziz Ki akamaliza ligi na mabao 21, ubingwa ukabaki Jangwani, nyumbani kwa Yanga, na katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika Mamelodi Sundowns ilipita kwa penalti tu baada ya dakika 180 bila bao.

Aliyeitabiria Yanga anguko aliangalia jina moja kubwa lililotoka, akasahau waliokuwa wamebaki. Kipa Djigui Diarra alibaki, na pia mabeki wa kati Dickson Job na Ibrahim Bacca, kiungo Khalid Aucho na Aziz Ki mwenyewe. Mgongo wa ekipe ulikuwa mzima. Mshambuliaji wa mwisho ni mtu wa kusikitikia akiondoka, lakini ekipe yenye mgongo mzima humtafuta mwingine, au hugawana mabao yake. Ndivyo Yanga walivyofanya.

Sasa tazama mapumziko ya 2025. Simba ilikuwa imetoka kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, ikapoteza mbele ya RS Berkane, na ilikuwa imekosa ubingwa wa nyumbani siku ya mwisho kabisa, Juni 25, kwa kufungwa na Yanga 2-0. Ikaingia sokoni kwa nguvu: Jonathan Sowah, Rushine De Reuck, Alassane Kanté, Neo Maema na wengine. Majina yalikuwa mazuri, nami sisemi vinginevyo. Ila nahodha wao Mohamed Hussein, yule Tshabalala aliyekuwa nao tangu 2014, alikuwa amevuka barabara kwenda Yanga. Che Malone alikuwa ameenda Algeria, Ngoma hakuwepo tena. Halafu, ligi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mwezi Septemba, kocha Fadlu Davids akaondoka kwenda Raja Casablanca. Mechi moja tu ya Afrika ilikuwa imechezwa. Aliyekuja baada yake, Dimitar Pantev, hakumaliza wiki ya kwanza ya Desemba. Kabla ya Krismasi wale waliosajiliwa kwa ajili ya kocha mmoja walikuwa wanamsubiri wa tatu.

Yanga hawakuwa bora zaidi katika hilo. Walimleta Romain Folz, wakamfukuza Oktoba baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi. Tofauti ni kwamba wachezaji walikuwa wanajuana. Wiki moja baadaye wakashinda 2-0 nyumbani wakaingia makundi. Ukiwa na watu waliozoeana, hata kosa la prezida wa klabu linasameheka kwa muda.

Na klabu iliyopanda kweli mwaka ule, kwa maoni yangu, ni ile ambayo vijana wa huku hawakuitaja: Azam. Usajili wake mkubwa hakuwa mchezaji. Alikuwa Florent Ibenge, mzee wetu, mtu aliyeifikisha Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014 na ya Shirikisho 2018, aliyeipa Berkane Kombe la Shirikisho 2022, aliyekaa Al Hilal ya Omdurman katika miaka ambayo vita vya Sudan viliilazimisha klabu hiyo kuishi ugenini. Miezi michache baadaye Azam, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ilikuwa kwenye makundi ya mashindano ya Afrika. Kocha haonekani vizuri kwenye video ya utambulisho. Hana chenga za kuonyesha.

Ulaya hadithi ni hiyohiyo, ila pesa zina sifuri nyingi. Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Uingereza, walitumia zaidi ya pauni milioni 400 katika dirisha la 2025, na kila gazeti likawapa alama za juu kabisa. Kati ya mwisho wa Septemba na Novemba wakapoteza mechi sita kati ya saba za ligi. Newcastle wakamnunua Yoane Wissa wetu kutoka Brentford kwa pauni zinazokaribia milioni 55. Kabla hajawachezea hata dakika moja akaumia goti akiwa na Léopards, timu yetu ya taifa, dhidi ya Senegal, palepale Stade des Martyrs, tarehe 9 Septemba. Wakati huohuo Sunderland, waliopanda daraja na kutabiriwa kushuka mara moja, wakiwa na kijana wetu Noah Sadiki katikati, walikuwa wanawasumbua wakubwa. Naishia hapo na Ulaya. Huko makosa ya usajili yanasahihishwa Januari kwa hundi nyingine.

Kwetu hayasahihishwi. Turudi kwa Vita.

Vita iliyoifunga Simba tano haikuwa ekipe ya nyota mmoja. Ilikuwa kundi lililokaa pamoja chini ya Ibenge tangu 2014, likienda fainali, likishindwa, likirudi. Katikati ya 2020 wakaondoka Kisinda na Tonombe kwenda Yanga. Wawili tu. Hata hivyo Vita ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2020-21, na mtu angeweza kusema hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo kipimo cha wanaobaki kinaposaidia, maana ubingwa ule ulifunika ufa ambao Simba walikuwa wameshauona Februari. Dirisha lililofuata likamaliza kazi. Ibenge akaenda Morocco. Mayele, Djuma Shabani na Moloko wakaenda Yanga. Kocha, beki wa kulia, winga na mfungaji waliondoka katika mapumziko mamoja. Hadi msimu wa 2024-25 Vita, klabu ya mataji 15 ya Kongo, bingwa wa Afrika 1973, haikuwa imegusa tena ubingwa.

Msimu uliofuata Yanga ikachukua ligi ya Tanzania bila kupoteza mechi hata moja na kukomesha utawala wa Simba wa miaka minne mfululizo. Mayele alifunga 16. Ukitaka kujua ubingwa ule ulijengwa wapi, usiende Jangwani. Nenda Kinshasa, kwenye mazoezi ya Ibenge, ambako watu hawa walijifunza kuchezeana.

Hapa msomaji wa Lubumbashi atasema, hiyo ni Vita, sisi Mazembe tuna uwanja wetu, tuna akademia yetu. Ni kweli. Mazembe ni mabingwa wa Afrika mara tano, na 2010 waliitoa Internacional ya Brazil na kucheza fainali ya dunia ya klabu. Aprili 2019 bado waliweza kuifunga Simba 4-1 Lubumbashi na kuitoa robo fainali. Lakini 2023 Yanga iliwafunga Mazembe nyumbani na ugenini katika Kombe la Shirikisho, 3-1 Dar es Salaam na 1-0 Lubumbashi. Msimu wa 2024-25 wakatoka sare moja na Yanga, wakafungwa tena 3-1, wakamaliza wa mwisho kwenye kundi. Si kwamba Mazembe walifanya madirisha mabaya mfululizo. Kuna kitu chini yao kimelegea, na wao wamesimama juu yake kama wengine wote.

Kitu hicho ni ligi. Msimu wa 2022-23 wa Linafoot, ligi kuu ya Kongo, haukumalizika. Fikiria wewe ni kiungo wa miaka 23, una mkataba na klabu ya Kinshasa au Kindu, na mnamo katikati ya msimu unaambiwa mashindano yamesimama, tutakuambieni. Hakuna mechi, kwa hiyo hakuna bonasi. Na mshahara wenyewe ulikuwa unategemea mfuko wa prezida. Simu inalia kutoka Dar es Salaam, Kigali, Khartoum, Casablanca. Utakaa? Ninyi mnaowaita wachezaji wasaliti, mngekaa?

Ndiyo maana nasema wachambuzi wetu wanaanza hesabu kwa kuchelewa. Wanauliza Maniema Union imemleta nani, Motema Pembe imemuuza nani. Swali la kwanza la mapumziko ya Kongo ni: ligi itaanza lini, na itamalizika? Klabu yenye kalenda inaweza kumwambia mchezaji wake, baki, kuna mechi 30 mbele yako na skauti watakuona. Klabu isiyo na kalenda haina la kumshikia.

Kama unataka ushahidi usio wa klabu moja, chukua CHAN, mashindano ya mataifa ambayo huruhusu tu wachezaji wa ligi za nyumbani. Kongo iliyatwaa 2009. Ikayatwaa tena 2016, pale Kigali, kwa kuifunga Mali 3-0, kocha akiwa Ibenge huyohuyo. Mwanzoni mwa 2023 kule Algeria tulitoka kwenye makundi bila kufunga bao hata moja. Agosti 2025 tulifungwa na Kenya mechi ya kwanza pale Kasarani, tukatoka tena kwenye makundi. Wakati huohuo Léopards wakubwa, walio karibu wote wachezaji wa nje, walishika nafasi ya nne Kombe la Afrika la 2023, na Novemba 2025 waliwatoa Kamerun na kisha Nigeria katika mchujo wa Kombe la Dunia ndani ya siku nne. Taifa moja, wakati mmoja: chui wa nje wanapanda, chui wa nyumbani wanashuka. Wanaosherehekea kwamba mpira wa Kongo umeamka wana haki. Ila umeamkia nyumba za watu.

Nisije nikaonekana mtu wa kulia tu. Oktoba 2025 Saint-Éloi Lupopo iliifunga Orlando Pirates 3-0 Lubumbashi, ikafungwa 3-0 Afrika Kusini, ikashinda kwa penalti na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Pirates! Klabu yenye bajeti ambayo sisi huku tungejengea barabara. Na ubingwa wa Kongo wa 2024-25 ulikwenda kwa Aigles du Congo, klabu changa, taji lake la kwanza. Kwa hiyo kupanda kunawezekana. Ninachokitilia shaka ni muda wake. Lupopo inasimama kwa mfuko wa Jacques Kyabula, aliyekuwa gavana wa Haut-Katanga. Mazembe imesimama miaka yote kwa Moïse Katumbi. Vita ya fainali mbili ilikuwa ya Jenerali Gabriel Amisi. Ukitaka kutabiri nafasi ya klabu ya Kongo msimu ujao, wakati mwingine ukurasa wa siasa utakusaidia kuliko wa michezo. Prezida akipoteza cheo, beki wa kushoto anatafuta ekipe.

Bukavu hatuna hata mtu wa namna hiyo. Tuna uwanja wa Concorde pale Kadutu, tuna Muungano na Dawa, majina ambayo yanaweza kugawanya familia moja mezani, na tuna vijana. Kivu si nchi isiyojua kombe: Kabasha ya Goma ilitwaa Kombe la Kongo 2005, na miaka miwili baadaye Maika ya Uvira ikalileta mkoa wetu wa Kivu Kusini. Uvira, ndugu zangu, mji ambao Kinshasa wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani.

Lakini ekipe ya Bukavu inapimwa kwa vipimo vyake. Hapa hakuna barabara ya kwenda Kinshasa wala Lubumbashi ambayo basi la wachezaji litaipita na kufika kwa wakati wa mechi. Ligi ya taifa kwa klabu ya Kivu ni tiketi za ndege, watu zaidi ya ishirini kwenda na kurudi, na hoteli katikati. Klabu iliyosajili washambuliaji watatu na haina tiketi imeshuka. Klabu isiyosajili mtu na ina tiketi za nusu ya kwanza ya msimu imepanda. Hilo lilikuwa kweli hata zamani, watu wakichangishana sokoni ili ekipe isafiri. Februari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, na uwanja wa ndege wa Kavumu pamoja nao, hesabu hiyo ikabadilika kabisa: kabla ya kuuliza tiketi ni bei gani, unauliza utatokea mlango gani. Mabenki yalifunga. Mfanyabiashara aliyekuwa akitoa mafuta ya gari la ekipe ana mambo mengine ya kufikiria. Katika hali hiyo, kumwuliza mtu wa Muungano kama ekipe yake imeimarika kati ya misimu ni kumwuliza aliyehama nyumba kama amebadilisha mapazia.

Na bado vijana wanaondoka, na wengine hawaendi mbali. Kuvuka mto Ruzizi ni hatua chache, na ligi ya Rwanda imekuwa ikichukua wachezaji wa Kongo miaka yote. Lakini mpaka huo nao una bei isiyoandikwa kwenye mkataba. Februari 2024, siku chache baada ya Léopards kuziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, Héritier Luvumbu wa Rayon Sports alifunga bao mjini Kigali akafanya ishara ileile. Alifungiwa miezi sita, klabu ikavunja mkataba, akarudi Kinshasa. Rayon ilipoteza mmoja wa wachezaji wake bora katikati ya msimu bila dirisha lolote kufunguliwa. Hakuna mchambuzi aliyekuwa na safu ya jambo hilo kwenye orodha yake.

Najua nitakachojibiwa: acha watoto waende wakatafute maisha. Nakubali kabisa. Sitaki mchezaji hata mmoja azuiwe, na wale viongozi wanaoficha leseni ya kijana ili asiondoke wanaua mpira kwa kisu cha aibu. Mayele asingeondoka Vita na baadaye Yanga, asingekuwa na bao alilofunga tarehe 1 Juni 2025 katika fainali iliyoipa Pyramids ubingwa wa Afrika. Swali langu ni lingine: anapoondoka, kinabaki nini?

Jibu lipo kwenye kanuni za FIFA, na nashangaa halizungumzwi kwenye vijiwe vyetu hata kidogo. Mchezaji anapohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mwaka una robo ya asilimia. Kuanzia 16 hadi 23 kila mwaka una nusu. Kijana aliyecheza kwenu Kadutu tangu 12 hadi 15, akauzwa siku moja kwa dola milioni moja kati ya klabu mbili ambazo hamzijui, ameiletea ekipe yenu ya mtaa dola 10,000. Akiuzwa tena, zinakuja tena. Kuna pia fidia ya malezi, inayolipwa anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Na tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukusanya na kugawa fedha hizi, ili klabu ndogo isilazimike kuwabembeleza wakubwa.

Sharti ni moja, nalo ni karatasi. Kijana awe ameandikishwa, kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa, kwenye klabu iliyo mwanachama wa chama cha mpira, msimu kwa msimu. Sisi tunawaandikisha wakifika miaka 18 au 19, mara nyingi siku ya kuwauza, na wengine tumewapunguzia umri kwa mikono yetu wenyewe. Miaka sita au saba ya malezi inafutika kwa sababu hakuna aliyeiandika. Halafu tunakaa kwenye kibanda cha mpira, tunamwona mtoto wa mtaani kwetu akifunga Cairo, tunapiga makofi na kuagiza chupa nyingine kwa deni.

Kwa hiyo wakija kuniuliza mapumziko haya klabu gani ya Bukavu imefanya usajili bora, sitatazama mshambuliaji kutoka Bujumbura wala kipa kutoka Kindu. Nitauliza kama Dawa, au Muungano, au hata ekipe moja ya vumbi kule Panzi, imempata karani: mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri, simu yenye kamera na subira ya kukaa ofisi ya ligi ya mkoa asubuhi nzima, na orodha ya watoto wa miaka 12 waliofanya mazoezi Jumamosi iliyopita. Mshahara wake kwa mwaka ni mdogo kuliko tiketi za safari moja ya ugenini. Klabu itakayokuwa naye kufikia mwanzo wa msimu, mimi naiandika kwenye safu ya waliopanda, hata ikifungwa mechi zake zote.